Mchikichi Hauzai kwa Bajeti ya Mwaka Mmoja

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Kidugala, Mkoa wa Njombe



Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini suala la mchikichi liletwe Kidugala. Nyanda hizi zilizo kati ya Njombe na Makambako ni nchi ya baridi. Katika miezi ya Juni na Julai, mkulima wa bondeni huamka alfajiri akakuta umande umeganda juu ya majani. Mchikichi ni mti wa joto. Hutaka wastani wa nyuzijoto 24 hadi 28 mwaka mzima, na hutaka mvua nyingi isiyokatika kwa muda mrefu. Ukipandwa hapa utadumaa, na hata ukipona hautazaa.

Jibu la swali hilo limo dukani. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje ni mafuta ya mchikichi wa Malaysia na Indonesia, yaliyosafishwa yakaondolewa rangi na harufu yake. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupakiwa katika malori, hufuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia hadi Makambako, kisha huchepuka kuja Njombe. Njiani hupita kando ya mashamba ya alizeti. Hatimaye dumu hufunguliwa, na mafuta hupimwa kidogo kidogo kwa mama anayekaanga maandazi au kuunga mboga ya watoto. Mama huyo hajapata kuuona mchikichi, lakini kila siku anaulipia. Naye mkulima wa alizeti, jirani yake, kila msimu anashindana nao.

Kwa hiyo suala la mchikichi ni suala la Kidugala, kama lilivyo suala la Kigoma.

MTI WA AFRIKA ULIOHAMA

Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi, nao ulienea hadi bonde la mto Kongo na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliukuta mti huu, na katika maandishi yake aliutaja kwa jina lake la Kiswahili. Nyama ya chikichi hutoa mawese, mafuta mekundu yenye karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kokwa zake, ambazo watu wa Kigoma huziita mise, hutoa mafuta mengine yanayofaa kwa chakula na kwa sabuni. Vizazi vingi vilipikia mafuta hayo kabla ya meli yoyote kuleta dumu.

Mwaka 1848 miche minne tu ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Kwa miaka mingi mti huo ulikuwa pambo la mabarabara na bustani. Shamba la kwanza la biashara katika Malaya lilipandwa mwaka 1917. Baada ya Malaya kupata uhuru mwaka 1957, viongozi wake waliona hatari ya kutegemea mpira na bati peke yake, wakauchagua mchikichi. Shirika la FELDA, lililoundwa mwaka 1956, liliwapa wakulima wasio na ardhi viwanja, miche, mikopo na njia ya kufikisha mazao yao kiwandani. Mwaka 1979 nchi hiyo ikaanzisha taasisi ya utafiti iliyoshughulika na mawese tu. Leo Malaysia na Indonesia kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mchikichi yote duniani.

Wapo wanaopenda kusema kwamba Waasia walikuja kuchukua mbegu Afrika wakatajirika. Maneno hayo yanafurahisha masikio, lakini hayaelezi jambo. Mbegu ilikuwapo Kigoma muda wote huo. Hata siri kubwa ya mti huu ilifumbuliwa katika Afrika: mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi huko Kongo, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi unene wa ganda la kokwa unavyorithiwa. Kigoma na Kongo ziliachana na Malaysia katika uvumilivu. Malaysia ilishika jambo moja na kulifuata kwa miaka 40 bila kuliacha.

HESABU YA NCHI

Takwimu ambazo Serikali ilizitaja mara kwa mara tangu mwaka 2018 zilikuwa hizi: mahitaji ya mafuta ya kula nchini ni tani 570,000 kwa mwaka, yanayozalishwa ndani ni tani 205,000, yanayobaki, tani 365,000, huagizwa kwa fedha za kigeni zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 400. Idadi ya watu imeendelea kuongezeka, na mahitaji nayo.

Hasara ya utegemezi huo ilionekana waziwazi mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipunguza mafuta ya alizeti katika soko la dunia, kwa sababu Ukraine na Urusi ni wazalishaji wakubwa wa zao hilo. Kisha tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia kuuza mafuta ya mchikichi nje ili kutuliza bei kwa wananchi wake, na haikuufungua mlango hadi tarehe 23 Mei. Serikali ya Indonesia ilikuwa na haki ya kuwafikiria watu wake kwanza. Lakini uamuzi uliofanywa Jakarta ulifika katika vikaango vya Makambako, na hakuna mtu wa Makambako aliyeulizwa. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse anayetegemea cha mtu asiyemjua.

Ni kwa sababu hiyo Serikali, ikiongozwa katika jambo hili na aliyekuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ilianza mwaka 2018 kampeni ya kufufua mchikichi Kigoma. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Kambi ya JKT Bulombora na gereza la Kwitanga zilipanda mashamba, na halmashauri za mkoa zilifungua vitalu na kugawa miche kwa wakulima. Hatua hizo ni njema na zinastahili sifa. Hata hivyo, sifa hutolewa kwa haki mavuno yanapopatikana, na kati ya mche na mavuno kuna mambo matatu yasiyokubali mkato: mbegu, kinu na uthabiti wa bei.

MBEGU

Mchikichi wa asili wa Kigoma ni ule uitwao dura. Ganda la kokwa yake ni nene na nyama yake ni kidogo. Upo mwingine uitwao pisifera, ambao kokwa yake haina ganda, lakini mara nyingi maua yake ya kike huharibika kabla ya kukomaa, hivyo mkulima hapati kitu. Dura ikichavushwa kwa pisifera huzaliwa tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Dura ya kienyeji ikitunzwa vizuri hutoa tani 1.6 hivi za mafuta kwa hekta. Tenera iliyotunzwa vizuri hutoa tani 4 na zaidi.

Walimu wa sayansi walisikilize jambo hili kwa makini. Mkulima akiokota kokwa chini ya tenera yake nzuri, iliyochavushwa na tenera ya jirani, na kuotesha miche 100, atapata kwa wastani dura 25, tenera 50 na pisifera 25. Nusu ya shamba lake itakuwa imepotea, na hatalijua hilo mpaka mwaka wa nne, miti itakapoanza kuzaa. Hiyo ndiyo kanuni ya Mendel inayoandikwa ubaoni kila mwaka kwa mfano wa njegere. Mwanafunzi anayeikariri kwa ajili ya mtihani tu ataisahau. Anayeelezwa kwamba kanuni hiyo yaweza kumnyang'anya baba yake jasho la miaka minne hataisahau, naye atakwenda nyumbani kuieleza.

KINU

Jambo la pili ni kinu. Mkungu wa machikichi hauwezi kuwekwa ghalani kama gunia la mahindi. Tangu unapokatwa, vimeng'enya vilivyomo katika tunda huanza kuyavunja mafuta na kuongeza asidi. Ili mafuta yawe mazuri, mkungu unatakiwa kupikwa ndani ya saa 24, au 48 kwa kuchelewa sana. Mkulima aliye mbali na kinu, au aliyeko kwenye barabara isiyopitika wakati wa masika, si mkulima wa mchikichi hata akiwa na ekari 20. Ni mtu aliyepanda miti.

Hapo ndipo kazi ya mtumishi wa umma inapoonekana. Afisa kilimo anayegawa miche, mhandisi wa barabara, afisa biashara anayeshughulikia mwenye kiwanda na afisa ushirika anayeunganisha wakulima wanafanya kazi moja, ingawa wamo katika ofisi nne. Kila mmoja akitimiza lengo lake peke yake, taarifa nne zitaandikwa zenye kusifu, na machikichi yataoza. Kwa miaka mingi wananchi wa Kigoma wamekamua kwa mashine za mkono na kuchemshia kwa kuni nyingi, huku sehemu ya mafuta ikibaki katika makapi. Kuwapa miche bora bila mashine bora ni kuwaongezea kazi tu.

UTHABITI

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo linaloiunganisha Kigoma na Kidugala.

Mbegu ya mchikichi hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Ikishapandwa shambani, kwa nafasi ya mita 9 na miti 143 hivi kwa hekta, hungoja miaka 3 au 4 mpaka izae. Kisha huzaa kwa faida kwa miaka zaidi ya 20. Basi mbegu iliyoagizwa katika bajeti ya mwaka huu itampa mkulima fedha katika bajeti ya tano. Diwani aliyeshuhudia upandaji anaweza kuwa ameondoka madarakani. Mkuu wa idara atakuwa amehamishwa. Mkulima peke yake atabaki palepale, na mti wake.

Mkulima huyo anapochimba shimo anaikopesha nchi miaka mitano ya maisha yake. Dhamana ya mkopo huo ni neno la Serikali kwamba mche utakuwa bora, kinu kitajengwa, na siku mikungu itakapoiva, mafuta ya nje hayatafunguliwa mlango ghafla yakayazamisha yake.

Wakulima wa alizeti wanaijua hofu hiyo. Katika bajeti ya 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta yatokayo nje, ukafika asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, na wakulima wakapata moyo. Msimu wa 2021/22 mbegu za alizeti ziligawiwa kwa ruzuku katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, na watu wakalima kwa bidii. Ilipofika mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka, na wakulima wakalalamika wazi kwamba mafuta ya nje yameshusha thamani ya jasho lao. Mkulima wa alizeti akivunjika moyo, msimu ujao hupanda mahindi, na jeraha lake hupona. Mkulima wa mchikichi hana njia hiyo. Hawezi kung'oa mti wa miaka minne kwa sababu ya bei ya mwaka mmoja, na akishaung'oa, hatapanda tena katika maisha yake.

Lazima ikubaliwe kwamba mlaji naye ni mwananchi. Ushuru unaomlinda mkulima humpandishia bei mama wa maandazi, na mwaka 2022 makali hayo yalikuwa ya kweli. Serikali yoyote yenye huruma itatafuta njia ya kuyapunguza. Lakini zipo njia zinazotangazwa mapema, zenye kiwango na muda unaojulikana, na ipo njia ya kuamua leo na kutangua kesho. Mkulima anaweza kupanga maisha kwa bei ndogo anayoijua. Hawezi kuyapanga kwa bei asiyoijua.

MASOMO YA JIRANI NA YA JANA

Uganda ilianza mapema kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliingia katika mradi wa mafuta ya mimea kwa msaada wa shirika la IFAD, na katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala, mashamba ya kampuni na ya wakulima wadogo yalipandwa pamoja, yakizunguka kinu kimoja. Bei ya mikungu ilifungamanishwa na kanuni inayofuata bei ya soko la dunia, hivyo mkulima akajua inakotoka. Wakulima wengi wamepata kipato cha kila mwezi ambacho uvuvi haukuwapa. Lakini misitu ya kisiwa ilikatwa, na baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Faida na hasara zote mbili ni mafunzo. Kigoma ina misitu ya Gombe na Mahale, na sokwe wa Gombe wenyewe hula machikichi. Aidha, tangu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya umepitisha sheria dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, mafuta ya mchikichi yakiwemo. Panapokuwa na michikichi ya kizamani na mashamba yaliyochoka, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuugusa msitu.

Somo jingine liko ndani ya nchi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta baada ya vita, ilianza kilimo cha karanga Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Ilikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliletwa kabla ya mvua kupimwa vya kutosha, na wenyeji walioijua ardhi hawakuulizwa. Mapema mwaka 1951 mpango huo uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Wakubwa walitaka mafuta kwa haraka, na ardhi ya Kongwa ikawakatalia.

KAZI YA KIDUGALA

Mwaka 1972 chama cha TANU kilipitisha katika mji wa Iringa tamko la Siasa ni Kilimo. Wakati huo Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, hivyo tamko hilo lilitolewa kwa wazee wa hapa wakiwa wenyeji wa mkoa huo. Kiini chake kilikuwa kwamba kilimo hakiendi kwa kelele, huenda kwa ujuzi: mbegu bora, mbolea, zana na wakati. Kiini hicho hakijachakaa.

Kujitosheleza kwa mafuta hakutapatikana kwa kila mkoa kupanda zao moja. Mchikichi ni wa Kigoma na wa maeneo ya joto na mvua kama Kyela. Alizeti ni ya nyanda kama hizi za Makambako na Wanging'ombe. Kwa hekta moja alizeti haiwezi kushindana na mchikichi kwa wingi wa mafuta, lakini hukomaa katika miezi michache, mashudu yake hulisha ng'ombe na kuku, na huota pale ambapo mchikichi hufa.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu wa Kidugala ni kuifanya alizeti iwe somo. Ekari moja ya shule ilimwe nusu kwa mbegu iliyohifadhiwa nyumbani na nusu kwa mbegu bora. Mavuno yapimwe, mafuta yakamuliwe, gharama ziandikwe, na wanafunzi wenyewe watoe hesabu mbele ya wazazi. Hesabu hiyo, hata ikiwa ndogo, itakuwa ya kweli kuliko hotuba kumi.

Na kazi ya mtumishi wa umma ni kutunza neno. Anapomwambia mkulima apande, aseme pia mbegu inatoka wapi, nani atanunua, na kwa utaratibu gani wa bei. Kama halijui mojawapo, aseme halijui, akalitafute. Anapohamishwa, amwachie mrithi wake daftari lenye majina ya waliopanda na ahadi walizopewa, ili anayekuja asiyaanze mambo upya kana kwamba wakulima nao wamehamishwa.

Kule Kigoma hivi sasa ipo miche ya tenera iliyopandwa tangu kampeni ya 2018 inayoingia katika umri wa kuzaa. Waliopanda walifanya sehemu yao. Kinachobaki ni kuona kama wenye ofisi nao watafanya yao kwa miaka 20, kwa maana huo ndio umri wa mti walioupandisha.